Skrubu na nati za CNC ya kujijengea: rodi ya uzi, trapeza au gololi?

Mashine ya CNC, yaani inayochonga ikiongozwa na kompyuta, ikichonga duara na duara likatoka na vibapa vinne, juu, chini, kushoto na kulia, usianze kwa kulaumu programu. Hizo ni sehemu nne ambapo mhimili mmoja unageuza mwelekeo, na kila ukigeuza, mota inazunguka kidogo bila meza kusogea. Kilichopotea hapo ni mlegezo wa nati, au plei kama mafundi wanavyosema. Ndiyo maana ulinganisho huu unazipa nati na beringi nafasi kubwa kuliko skrubu zenyewe. Skrubu nzuri yenye nati mbovu hukata vibaya kuliko skrubu ya kawaida yenye nati iliyobanwa sawasawa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili, kwa sababu ndiyo yanayowaponza wanunuzi wengi. Pichi ni umbali kutoka jino moja la uzi hadi linalofuata. Mwendo ni umbali ambao nati inasafiri skrubu ikizunguka mara moja. Kwa uzi mmoja namba hizo ni sawa. Lakini skrubu nyembamba inayoitwa T8, ile iliyojaa kwenye printa za 3D, huwa na nyuzi nne zinazokimbia sambamba: pichi ni mm 2, mwendo ni mm 8. Ipo pia T8 ya uzi mmoja yenye mwendo wa mm 2, na ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Nati ya moja haiingii kwenye nyingine. Tazama ncha ya skrubu kwa mbele uhesabu nyuzi zinaanzia sehemu ngapi; au zungusha nati mara moja kamili na upime imesogea kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa trapeza ya kimetriki (uzi wenye meno ya umbo la trapeza, familia ya T8), ambayo pembe ya jino lake ni digrii 30, na Acme ya inchi, ambayo ni digrii 29. Zinafanana machoni tu. Usichanganye nati za familia hizi mbili hata kama moja inaonekana kuingia mizunguko miwili ya kwanza.

Namba kwanza

Chukulia mota ya hatua, yaani inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ya ukubwa wa NEMA 23 ambayo, ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika, bado inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 0.5. (Namba iliyoandikwa kwenye mota ni nguvu yake ikiwa imesimama. Ikikimbia hupungua sana.) Nguvu ya kusukuma hupatikana kwa kuzidisha 2π kwa nguvu hiyo ya kuzungusha na kwa ufanisi, kisha kugawa kwa mwendo ulioandikwa kwa mita.

| Skrubu | Mwendo (mm) | Ufanisi wa kukadiria | Kasi (mm kwa dakika) | Nguvu ya kusukuma (N) | Hatua kwa mm, maikrostepu 8 |
|---|---|---|---|---|---|
| Rodi ya uzi M8 | 1.25 | 20% | 750 | 500 | 1280 |
| Tr8×2 (T8 ya mm 2), uzi mmoja | 2 | 33% | 1200 | 520 | 800 |
| Tr12×3, uzi mmoja | 3 | 33% | 1800 | 345 | 533 |
| Tr8×8 (T8 ya mm 8), nyuzi nne | 8 | 60% | 4800 | 235 | 200 |
| Gololi 1605 | 5 | 90% | 3000 | 565 | 320 |
| Gololi 1610 | 10 | 90% | 6000 | 280 | 160 |

Ufanisi wa nyuzi za kusuguana hubadilika kulingana na mafuta na aina ya nati, kwa hiyo zichukue namba hizo kama makadirio. Hata hivyo zinasema jambo zito. Rodi ya M8 na skrubu ya gololi 1605 zinasukuma karibu sawa, lakini ya gololi inafanya hivyo kwa kasi mara nne. Katika rodi ya M8, nguvu nne kati ya tano za mota zinaishia kuwa joto kwenye uzi.

Je, kasi ina umuhimu gani kwa mtu asiye na haraka? Ina umuhimu kwa kisu. Kisu cha kipenyo cha mm 6 chenye makali mawili, spindo (mota inayokizungusha) ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, kinahitaji kila kali ing'oe angalau mm 0.05 ya mbao. Hiyo ni mm 1800 kwa dakika. Ukikisukuma kwa mm 750, kila kali inang'oa mm 0.02 tu, kisu kinasugua badala ya kukata, mbao inaungua na makali yanakufa mapema. Anayeona moshi hudhani kisu ni butu, akanunua kingine, na kingine kikaungua vilevile.

Safu ya mwisho ya jedwali nayo ina mtego wake. Maikrostepu 8 maana yake ni kila hatua ya mota kugawanywa mara nane. GRBL, programu ya kuendesha CNC, ikiwa kwenye kompyuta ndogo ya Arduino Uno hutoa takriban hatua 30,000 kwa sekunde, si zaidi sana. Kwa hatua 1280 kwa milimita, kikomo ni kama mm 1400 kwa dakika. Ukiweka maikrostepu 16 kwenye rodi ya M8 kwa kutafuta usahihi, kikomo kinashuka hadi mm 700, na sasa kinachokuzuia ni kompyuta hata kabla ya mota kuchoka. Usahihi wenyewe hukuupata, kwa sababu mlegezo wa nati ni mkubwa kuliko vijihatua hivyo.

Rodi ya uzi ya kawaida

Uzi wa M8 au M10 una meno ya digrii 60 na uliundwa ili ushike, yaani nati ikikazwa isifunguke. Sifa hiyo ndiyo inayoufanya uwe mbaya wa kuendeshea: msuguano mwingi, uso mkwaruzo, na nati inayolika haraka. Rodi zenyewe pia huuzwa zikiwa zimepinda kidogo. Ibingirishe juu ya kioo kinene na uangalie mwanga chini yake. Ukiona mwanga ukifunguka na kufunga kwa kila mzunguko, rodi hiyo itaisukuma meza pembeni mara moja kwa kila mzunguko, na alama zake utaziona kwenye ukuta wa kazi kama mawimbi yanayorudiarudia.

Inafaa wapi basi? Mashine ya kwanza ya kujifunzia, kukata povu, kuchora kwa kalamu, au mhimili wa Z (wa kupanda na kushuka) ambao husafiri kidogo. Chagua M10 yenye mwendo wa mm 1.5 badala ya M8. Ni ngumu zaidi kupinda. Na unapochora vipande vya mashine, acha nafasi ya kutosha kuweka skrubu ya kipenyo cha mm 16 baadaye. Watu wanaobana mashine nzima kuizunguka rodi ya M8 hulazimika kuijenga upya yote siku wanapotaka kubadili.

Trapeza

T8 yenye mwendo wa mm 8 inapatikana kirahisi, ni nyepesi, na inakimbia. Udhaifu wake ni wembamba: chini ya meno kunabaki kiini cha mm 5.5. Kwa mashine ya kuchonga saketi au plastiki yenye eneo la mm 300 kwa 200, inatosha kabisa. Kwa mhimili wa mm 800 haifai.

Kwenye Z, T8 ya nyuzi nne ina tabia nyingine. Mteremko wa uzi wake ni karibu digrii 20, mkubwa kuliko pembe ya msuguano, kwa hiyo uzito wa spindo unaweza kuizungusha skrubu wenyewe. Umeme ukizimwa, spindo inashuka taratibu hadi kisu kinagusa kazi. Tr8×2 haifanyi hivyo. Mteremko wake ni kama digrii 5 na inajifunga. Kwa saketi, ambapo kina cha kuchonga ni sehemu ndogo ya milimita, Tr8×2 kwenye Z na Tr8×8 kwenye X na Y ni mchanganyiko mzuri. Hakuna sheria inayosema mihimili yote ifanane. Programu inaweka hatua kwa milimita kwa kila mhimili peke yake.

Tr12×3 na Tr16×4 hazizungumzwi sana, na hilo ni kosa. Zina kiini kinene, zinajifunga, zinavumilia vumbi la mbao, na unaweza kuzikata kwa msumeno wa chuma na kuzikereza ncha kwenye leth ya kawaida. Zikiwekewa nati ya asetali iliyobanwa, huifanya kazi ya mbao kwa miaka bila malalamiko. Ubaya ni kasi: kwa Tr12×3, mm 1800 kwa dakika ndiyo karibu ya juu kwa mota iliyotajwa.

Usahihi wa skrubu hizi zilizoviringishwa kiwandani huwa kati ya mm 0.1 na 0.3 kwa kila mm 300 za urefu. Inasikika mbaya, lakini kosa linaloongezeka kwa uwiano sawa linarekebishika: amuru meza isafiri mm 300, pima ilichosafiri kweli, kisha zidisha hatua kwa milimita kwa 300 na kugawa kwa ulichopima. Mlegezo hauondoki kwa hesabu hiyo.

Skrubu ya gololi

Hapa nati haisugui uzi. Gololi ndogo za chuma zinabingirika kwenye mfereji wa duara na kurudi zilikotoka kupitia njia iliyo ndani ya nati. Namba 1605 maana yake ni kipenyo mm 16 na mwendo mm 5. 1204 ni mm 12 na mm 4. 2010 ni mm 20 na mm 10. Daraja la C7, ambalo ndilo linalouzwa zaidi kwa wajenzi wa nyumbani, linaruhusu kosa la takriban mm 0.05 kwa kila mm 300. C5 ni bora zaidi ya mara mbili ya hapo, na kwa fremu nyingi za kujijengea ni matumizi yasiyoonekana kwenye kazi, kwa sababu fremu yenyewe inapinda kuliko hivyo.

Nunua ikiwa imeshakerezwa ncha. Uso wa skrubu hii umekazwa kwa moto. Msumeno wa chuma utateleza juu yake, na kwenye leth inahitaji kisu cha kabaidi. Kwa 1605 vibebeo vya kawaida ni BK12 upande wa mota na BF12 upande wa pili. BK12 ina beringi zinazoshika msukumo wa mbele na nyuma, na ncha ya skrubu hapo ni mm 12 yenye uzi wa M12×1 wa kubania. BF12 ina beringi moja ya tundu la mm 10, nayo inaiacha skrubu irefuke na kufupika kwa joto. Ukibana ncha zote mbili bila kujua unachofanya, skrubu ikipata joto itapinda katikati.

Kosa linalowauma wengi ni kuitoa nati kwenye skrubu “ili kuisafisha tu”. Gololi zote zinamwagika. Ikiwa ni lazima kuitoa, tafuta mrija ambao kipenyo chake cha nje kinakaribia kiini cha skrubu, uushikilie ncha kwa ncha na skrubu, kisha izungushe nati ihamie juu ya mrija na uifunge isiteleze. Mara nyingi nati inakuja imeelekea upande usioutaka, na hiyo ndiyo sababu pekee nzuri ya kuitoa.

Adui wa gololi ni uchafu. Vumbi laini la MDF (mbao za unga uliobanwa) likichanganyika na grisi hugeuka msasa. Hakikisha nati ina vifuta vya plastiki kwenye midomo yote miwili, weka kifuniko juu ya skrubu, na tumia grisi ya lithiamu isiyo na grafaiti. Ukisikia mkwaruzo au nati ikigota na kuachia, simamisha kazi: kipande cha alumini kimeingia kwenye mfereji.

Na kwa kuwa ina ufanisi wa asilimia 90, haijifungi kabisa. Spindo ya kilo 4 kwenye Z itaanguka mara umeme ukikatika. Tumia mota yenye breki, springi ya gesi, au kamba yenye uzito wa kusawazisha.

Urefu hukata mjadala

Skrubu ndefu ikizungushwa haraka huanza kuchapa kama kamba ya kuruka. Kasi ya usalama huongezeka kwa kipenyo cha kiini, lakini hupungua kwa mraba wa urefu: ukiongeza urefu mara mbili, kasi inashuka mara nne. Kwa kipimo cha mm, ikiwa ncha moja imeshikwa imara na nyingine imeegemezwa kwenye beringi, zidisha 151,000,000 kwa kipenyo cha kiini na ugawe kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Ncha zote zikiwa zimeegemezwa tu, tumia 97,000,000. Jibu ni mizunguko kwa dakika, na tahadhari ya asilimia 20 imeshawekwa ndani.

T8 ya mm 1000 iliyoegemezwa tu ina kikomo cha mizunguko 530. Kwa mwendo wa mm 8 ni mm 4,200 kwa dakika. Kwa mwendo wa mm 2 ni mm 1,060 tu. 1605 ya urefu huohuo, ncha moja ikishikwa na BK12, inafika karibu mizunguko 1,960, ambayo mota ya hatua ya kawaida haiifikii ikiwa na nguvu yoyote ya maana. Kwa mm 1500 inabaki mizunguko 870, yaani mm 4,300 kwa dakika. Hapo 1610 ina maana zaidi.

Kishawishi ni kurukia kipenyo cha mm 25. Kumbuka uzito wa kuzungusha unakua kwa kipenyo kwa nguvu ya nne (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo): kutoka 16 hadi 25 unaongezeka karibu mara 6, na mota inatumia nguvu zake kuizungusha skrubu badala ya kusukuma meza. Kwa mihimili ya zaidi ya mm 1500, reli ya meno na pinioni huwa jawabu bora, au skrubu isimame na nati ndiyo izunguke.

Nati

*Brasi* iliyokuja na T8 ni ya printa, ambako uzito wa meza huibana upande mmoja muda wote. Kwenye CNC kisu kinasukuma pande zote, na mlegezo wa mm 0.1 hadi 0.2 unaonekana siku ya kwanza. *Bronzi* inavumilia mzigo mkubwa na mafuta, lakini nayo haijibani.

*Nati mbili zenye springi kati yake* huondoa mlegezo kwa kusukumana. Jambo la kuangalia ni nguvu ya springi: ikiwa ni dhaifu kuliko nguvu ya kukata, kisu kinaibana springi na mlegezo unarudi katikati ya kazi, ingawa mkononi mhimili ulionekana mkamilifu. Zile ndogo za T8 zinafaa kwa saketi na plastiki. Kwa alumini hapana. Afadhali nati mbili zinazosukumwa kwa skrubu ya kurekebisha kisha zikafungwa, ingawa utalazimika kuzikaza tena kila zinapolika.

*Asetali*, plastiki ngumu inayouzwa kwa majina ya Delrin na POM, ndiyo rafiki wa mjenzi wa nyumbani. Haihitaji mafuta mengi, haili chuma, inasukuma vumbi nje, na unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kutengeneza tapu, kifaa cha kukata uzi ndani ya tundu, kwa skrubu yako mwenyewe. Kata kipande cha mm 100. Kwa grainda nyembamba chonga mifereji mitatu au minne kwa urefu, kisha punguza meno ya mm 30 za mwanzo kidogo kidogo kwa tupa, ncha iwe karibu na kiini. Toboa kipande cha asetali kwa drili ya kipenyo cha skrubu ukitoa pichi: mm 9 kwa Tr12×3, mm 8 kwa Tr10×2, mm 6 kwa Tr8×2. Ingiza tapu polepole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukitoa taka. Kwa kuwa tapu ina kipimo kilekile cha skrubu, nati inatoka ikiwa imebana. Ipe urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya kipenyo, ipasue upande mmoja kwa msumeno, na uweke bolti ya M4 ya kuibana itakapolika. Kaza hadi mlegezo uishe, ukikaza zaidi mota itapoteza hatua. Nyuzi nne za T8 ni ngumu kutapu kwa njia hii. Tumia ya pili.

Ya pili ni joto. Vipande viwili vya asetali vinabanwa kwenye jiliwa, skrubu ikiwa katikati. Pasha moto skrubu, si plastiki, pande zote mbili zinazotokeza, huku ukikaza jiliwa kidogo kidogo plastiki inapolainika. Acha nafasi ya kama mm 1 kati ya vipande, ondoa moto, acha ipoe kabisa ikiwa imebanwa, ndipo uizungushe skrubu itoke. Ile nafasi ya mm 1 ndiyo itakayokuwezesha kuibana baadaye. Asetali huyeyuka kati ya nyuzi joto 165 na 175. Ikizidi hapo inatoa gesi ya fomaldehaidi inayowasha macho na koo, na ikishika moto mwali wake ni wa buluu hafifu usioonekana mchana. Fanya nje, penye hewa, na ndoo ya maji karibu.

*Nati ya gololi* moja huwa na mlegezo mdogo, wa sehemu za mia za milimita. Unaweza kuuondoa kwa kujaza gololi kubwa zaidi kwa sehemu chache za elfu za milimita (1605 hutumia mm 3.175), au kununua nati pacha. Kwa mbao usijisumbue.

Beringi za msukumo

Pima kwanza hapa kabla ya kuilaumu nati, maana mlegezo mwingi unaodhaniwa wa nati unatoka mwisho wa skrubu. Shafti ya mota ya hatua ina springi ndogo ndani na inaweza kusukumwa mbele na nyuma. Ukiacha mota ibebe msukumo wa kukata, meza itacheza hata kwa nati bora duniani. Kaplingi ya alumini iliyochanwa mzunguko kama springi huongeza tatizo, kwa sababu inarefuka. Kaplingi ya vidole yenye mpira katikati ni ngumu zaidi kwa mzunguko, lakini nayo haishiki msukumo wa kuvuta.

Vibebeo vya KP08 vinavyouzwa pamoja na T8 vinashika skrubu kwa viskrubu viwili vidogo vinavyouma juu ya meno. Vitateleza. Weka beringi ya msukumo ya F8-16 kila upande wa kibebeo na kola nje yake, kaza kola mpaka skrubu isisogee mbele wala nyuma ila izunguke kwa vidole. Kwa Tr12 na zaidi, kereza ncha na utumie beringi mbili za pembe zikielekeana, na nati ya kufungia.

Kupanga na kupima

Funga reli kwanza, meza iteleze kwa kidole. Weka kibebeo cha mota na ukikaze. Fungua bolti za nati zikae huru, isogeze meza hadi karibu na kibebeo hicho, kisha kaza nati hapo. Skrubu ikiwa inashikwa karibu, nati inajipanga yenyewe. Isogeze meza hadi mwisho wa pili na ndipo ukaze kibebeo cha pili. Zungusha kwa mkono urefu wote. Ikikaza mwisho mmoja tu, kibebeo hicho kiko juu au chini mno. Kiwekee karatasi nyembamba ya chuma. Ikikaza na kuachia kwa kila mzunguko, skrubu imepinda.

Weka geji ya sindano kwenye meza, sogeza mm 1 upande mmoja, iweke sifuri, sogeza mm 1 zaidi, kisha rudi mm 1. Sindano isipofika sifuri, tofauti ndiyo mlegezo. Sasa isukume meza kwa mkono huku ukitazama ncha ya skrubu: ikisogea, tatizo ni beringi, ikitulia na meza ikasogea, ni nati.

Programu za LinuxCNC na Mach3 zina fidia ya mlegezo. GRBL ya kawaida haina. Fidia inasaidia kwa kuchora na kutoboa. Kwa kukata kwa upande ambao kisu kinaivuta kazi mbele, haisaidii kitu: kisu kinairukisha meza ndani ya mlegezo kabla programu haijajua.

Uchague ipi

Kwa saketi na plastiki, eneo dogo: T8 ya mm 8 kwa X na Y, T8 ya mm 2 kwa Z, nati zenye springi kote. Kwa mbao hadi mm 600, ukiwa na leth na muda lakini bajeti imebana: Tr12×3 na nati ya asetali ya kujitengenezea, ukikubali kasi ndogo na visu vya kali moja ili mbao isiungue. Kwa alumini, 1605 ya C7 mihimili yote, bila kubahatisha. Kwa karatasi nzima ya plaiwudi, reli ya meno kwa upande mrefu, 1610 au 2010 kwa ule mfupi.

Bajeti ikitosha skrubu moja tu ya gololi, iweke kwenye mhimili unaosafiri umbali mrefu zaidi wakati wa kukata. Z ibaki na trapeza inayojifunga: inasafiri kidogo, na umeme ukikatika spindo inabaki pale ilipokuwa.